Uzoefu wangu wa kuomba mkopo wa halmashauri kwa njia ya mtandao

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake tunaokamua mafuta ya alizeti mkoani Singida. Mara ya kwanza tuliomba kwa karatasi mkopo wa asilimia 10, yaani sehemu ya mapato ya halmashauri inayotengwa kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kabla Serikali haijasitisha mikopo hiyo mwaka 2023 kutokana na madeni sugu na vikundi hewa. Jalada letu lilipokelewa, likagongwa muhuri, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kutueleza lilikuwa mezani kwa nani.

Mikopo ilipoanza kutolewa tena, tuliomba kupitia mfumo wa kielektroniki. Niliingiza kwa simu namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, za wanachama wote, kisha nikapakia cheti cha usajili, katiba, muhtasari wa kikao na andiko la mradi, kazi iliyonichukua jioni mbili kwa sababu ya mtandao wa kusuasua. Namba ya mwenzetu mmoja ilikataliwa, kwa kuwa ilikuwa imeshaandikishwa katika kikundi kingine chenye deni. Alilia, na sisi tulihuzunika pamoja naye. Hata hivyo nauunga mkono uamuzi huo, kwa sababu fedha hizi zinatokana na mapato ya ndani ya halmashauri, yaani ushuru tunaoutoa sokoni na mnadani, na anayekopa mara mbili bila kurejesha anamnyima mwanamke mwingine zamu yake.

Kwa mara ya kwanza niliweza kuona ombi letu limefikia hatua gani bila kupanda bodaboda kwenda kuuliza. Lilipita ngazi ya kata haraka, kisha likakaa ngazi moja ya juu kwa wiki tano bila neno lolote la maelezo. Mkopo huu hauna riba, lakini kwetu wiki hizo zilikuwa na gharama: alizeti hununuliwa kwa bei nafuu wakati wa mavuno, na fedha zilipoingia kwenye akaunti, wenye maghala walikuwa wamekwisha kupandisha bei. Naomba kila hatua iwekewe ukomo wa siku, na ombi linapokwama sababu iandikwe ili mwombaji aisome.

Jambo ninalolitamani zaidi ni dirisha moja la mtandaoni kwa mikopo yote ya Serikali. Mgawo wa halmashauri wa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu una utaratibu wake. Mfuko wa Maendeleo ya Vijana una wake, na mikopo ya wafanyabiashara ndogondogo inayopitia benki ina wake. Mwanachama wetu mmoja ana ulemavu wa mguu, na muda wote huo hakujua kwamba kanuni zinamruhusu kuomba peke yake. Alilisikia msibani, kwa bahati tu. Iwapo namba ya NIDA inatosha kumtambua mkopaji mwenye deni, inatosha pia kumwonyesha mwananchi kila mkopo anaostahili, masharti yake na muda wa marejesho, na nyaraka alizokwisha kuzipakia zikatumika bila kuanza upya.

Mwenzetu huyo ameanza kuandaa ombi lake. Cheti, barua ya mtaa na andiko la mradi, vyote tunavitafuta tena.