Neoni 12 kwenye tangi la lita 60, Nakuru: uzoefu wangu

Huu ni mwezi wa nane tangu nianze kufuga neoni, samaki wadogo wa urembo aina ya tetra. Kati ya neoni 12 nilionunua wamebaki 9, na mkanda wao wa buluu umekolea. Samaki wenyewe sina lawama nao. Kazi iko kwenye maji, na kwenye baridi ya usiku.

Muuzaji alisema maji ya kisima "yako sawa tu". Hayako sawa. Neoni asili yake ni vijito vya Amazoni, maji laini (ya madini machache) yenye asidi kidogo, ilhali visima vingi vya huku vina alkali na floridi. Ya kwangu yalisoma pH 8.2 (kipimo cha asidi na alkali, 7 ni katikati), na wale watatu walikufa wiki ya kwanza. Sasa nachanganya ndoo mbili za mvua kwa moja ya kisima, na pH inakaa karibu na 7. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache imwagike, kwa kuwa inaosha vumbi na kinyesi cha ndege paani. Mvua tupu nayo usitumie, haina madini na pH yake huporomoka ghafla. Majani makavu ya mkungu, mawili kwa tangi hili, hugeuza maji yakawa kama strungi nyepesi, na neoni huyapenda. Ukiyatia kwenye maji ya kisima matupu yatapaka rangi tu, pH haisogei.

Hita ya wati 50 inashika nyuzi 24 hata usiku wa Julai. Amini kipimajoto, si namba za kwenye hita. Ukibadilisha maji ichomoe kwanza, la sivyo kioo chake kitapasuka kikiguswa na maji baridi. Walioko Kisumu wana shida kinyume: chini ya mabati saa nane mchana, tangi ndilo linalochemka.

Filta ya sponji iendeshe wiki 4 hadi 6 kabla ya samaki, mpaka amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu, zisome sifuri. Sponji ikamulie kwenye maji uliyotoa tangini. Ukiiosha kwa maji ya mfereji, klorini inaua bakteria wanaosafisha maji na huenda ukaanza upya.

Dukani, ukiona hata mmoja ana doa jeupe lililokatiza mkanda wa buluu, usinunue yeyote kwenye tangi hilo. Ugonjwa wa neoni hauna dawa. Kupauka usiku si ugonjwa. Washa taa, subiri kidogo, rangi itarudi. Angalia pia usiuziwe neoni kwa bei ya kadinali, tetra anayefanana naye: wekundu wa neoni huanzia katikati ya mwili, wa kadinali hutoka kichwani hadi mkiani.

Chakula kisage kwa vidole kiwe unga, midomo yao ni midogo mno.

Kama huna pa kukingia mvua, chukua tetra mweusi. Huvumilia maji magumu zaidi, ila usimweke na samaki wa mapezi marefu. Atayatafuna.