Mashine ya zege ya umeme, lita 140: inafaa sakafu ya kumwaga na ndugu na marafiki?

Familia ikishaamua kuvunja sakafu iliyopasuka na kumwaga nyingine kwa nguvu za ndugu na marafiki, kifaa cha kwanza cha kutafuta ni mashine ndogo ya kuchanganyia zege, hata kabla ya toroli la pili. Tunaisifu kwa jambo moja kubwa: zege la raundi ya kumi na nane linatoka sawa na la raundi ya kwanza. Kwa sepetu haiwezekani. Watu wakichoka huongeza maji ili mchanganyiko ugeuke kirahisi, na udhaifu wake unabaki sakafuni miaka yote.

Tuanze na namba iliyoandikwa kwenye pipa, maana inawapotosha wengi. Lita 140 ni ujazo wa pipa tupu, si zege utakalopata. Mashine ya ukubwa huu inabeba vizuri nusu mfuko wa saruji, yaani kilo 25, na kwa uwiano wa 1:2:3 (saruji, mchanga, kokoto) unaweka lita 35 za mchanga na lita 52 za kokoto. Vikishalowana na kushikana vinatoa lita 70 hivi tu, kwa sababu mchanga na saruji hujipenyeza kwenye nafasi zilizo kati ya kokoto. Chumba cha mita 4 kwa 3, unene wa sentimita 10, kinataka lita 1,200: raundi 17 au 18, mifuko 9. Raundi moja, kuanzia kujaza hadi kumwaga, ni dakika 7 au 8, kwa hiyo tengeni saa tatu mfululizo na mfuko mmoja wa akiba. Ukijaza pipa kupita hapo ili umalize mapema, unga mkavu unaganda nyuma ya pipa, mkanda unateleza, na mota inanguruma bila kuzunguka.

Mpangilio wa kujaza ni muhimu kuliko maelekezo mengi ya kiwandani yanavyoonyesha. Washa mashine ikiwa tupu, tia nusu ya maji, kisha kokoto zote. Zitasugua mapanga ya ndani, yaani mabapa ya chuma yanayogeuza zege, na kung'oa mabaki ya raundi iliyopita. Fuatisha saruji, halafu mchanga, halafu maji yaliyobaki kidogo kidogo. Ukianza na saruji kwenye pipa lenye unyevu, inanata kama gundi na kutengeneza mabonge yasiyovunjika. Sepetu isiingie ndani ya mdomo wa pipa linalozunguka. Panga moja likiidaka, mpini unarudi kwa kasi kwenye mbavu za aliyeishika.

Maji ashike mtu mmoja, huyo huyo hadi mwisho. Kilo 25 za saruji zinataka lita 12 na nusu, lakini lita 35 za mchanga uliolowa zinaweza kuwa zimebeba lita 2 au 3 tayari, hivyo anza na lita 10 na usikilize. Mwanzo kokoto zinagonga chuma kwa sauti kali. Baada ya dakika 2 au 3 mlio unafifia na kuwa mzito, na zege linapanda na panga hadi juu kisha linaanguka bonge zima, uso wake uking'aa bila kuchuruzika. Hapo limeiva. Likirushika kama supu, maji yamezidi. Rekebisha kwa kuongeza mchanga na saruji pamoja, si mchanga peke yake.

Udhaifu wa mashine hizi uko kwenye umeme. Mota nyingi za ukubwa huu ni za wati 550 hadi 650, na waya mwembamba wa kuongezea unaila nguvu: pipa linaanza likiwa tupu, linakwama likiwa na mzigo. Tumia waya wa milimita 2.5 za mraba, usizidi mita 20 hivi, na kama umezungushwa kwenye kigurudumu ukunjue wote, la sivyo unachemka. Weka kikatio cha miliampea 30, kile kinachokata umeme unapovuja, kwani hapo pana maji kila upande. Na usizime mashine pipa likiwa limejaa. Umeme ukikatika, kumbeni zege lote nje kwa mikono kwanza.

Ukiweza kuchagua, chukua yenye duara la meno (lile linalozungusha pipa) la chuma cha kusubu. La plastiki ni kimya, lakini linalika haraka mchanga ukiingia. Usilipake grisi, kwani grisi inashika vumbi na kugeuka msasa. Kwa chumba kimoja kodini. Kununua kunaleta maana ikiwa ndugu wawili watatu wana kazi zao zinazofuata.

Watu saba wanatosha: wawili wa mchanga na kokoto, mmoja wa saruji na maji, mmoja wa toroli, wawili wa kuvuta ubao wa kusawazisha, na mmoja wa mwiko. Anayevuta ubao awe mzoefu kuliko wote. Anzeni kona ya mbali na mlango, na msisimame kula katikati ya kazi, maana zege jipya likikutana na lililoanza kushika, mstari wa maungio utafunguka baadaye. Wote wavae glavu na viatu vya mpira, kwani saruji mbichi inachoma ngozi bila maumivu ya mapema. Watoto wakae mbali na mashine.

Raundi ya mwisho ikitoka, tia ndoo nusu ya kokoto na maji, uache pipa lizunguke dakika 5, umwage, kisha usuuze kwa bomba bila kurushia maji mota. Zege likiganda ndani, watu hupiga pipa kwa nyundo, na kila mbonyeo unakuwa mahali papya pa zege kushika.