Vifaa vya kuchunguza michoro: anza na tochi

Kama kazi yako ni kutunza michoro, iwe ya mteja wa Westlands, Nairobi, au ya ghala la makumbusho, nunua kwanza tochi ya urujuanimno (UV) yenye mawimbi ya nanomita 365. Kwenye chumba chenye giza, vanishi kuukuu ya utomvu itang'aa kijani-manjano, na mahali palipopakwa rangi upya patabaki na mabaka meusi.

Chunga sana hiyo 365. Yangu ya kwanza niliinunua hapa mjini, boksi limeandikwa 365, kumbe ni 395: turubai nzima ikawa zambarau, nisione kitu. Sasa naenda dukani na kijiko cha chuma. Kimulike, kikiwaka zambarau kali, rudisha tochi. Nzuri ina kioo cheusi mbele, na kijiko hubaki karibu gizani. Vaa miwani ya kinga, wala usiitazame taa yenyewe.

Nafasi ya pili naipa kamera ya mtumba iliyotolewa ile filta ya ndani inayozuia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Sensa yake ya silikoni huona hadi karibu nanomita 1000. Funga kwenye lenzi filta inayopitisha infraredi pekee, na mara nyingi mistari ya makaa au penseli iliyofunikwa na rangi hujitokeza, kwa kuwa kaboni hunyonya infraredi huku rangi nyingi zikiipitisha. Hata bluu mbili zinazofanana machoni huachana: nili (indigo) hufifia, bluu ya Prussia hubaki nyeusi. Lakini taa za LED za kawaida hazitoi infraredi ya maana. Tafuta balbu za halojeni, uziweke mbali na mchoro na uziwashe kwa muda mfupi tu. Joto lake ni kali. Kila ukibadilisha filta, fokasi upya. Studio ndogo haihitaji kuvuka hapa.

Ya tatu ni kamera ya sensa ya InGaAs (indiamu, galiamu na aseniki badala ya silikoni), inayoona nanomita 900 hadi 1700. Hupenya rangi zinazoishinda silikoni, ila bei yake ni mamilioni ya shilingi. Iwe ya taasisi.

Mwisho ni kamera ya haipaspektra, inayorekodi mamia ya mikanda ya mawimbi ya mwanga kwa kila nukta ya picha. Ni kifaa cha ajabu, lakini bila sampuli za kulinganisha utabaki na grafu usizoweza kuzisoma. Kabla ya kuiota, paka ubaoni akriliki na rangi za nyumba ambazo wachoraji wa hapa hutumia, andika jina na tarehe kando ya kila moja, kisha uzimulike kwa tochi yako.