Peptidi za maabara: kabla hujashangilia 95%, uliza neti

Wadogo zangu wa masta hapa Mwanza wamenijazia inboksi na lalamiko lilelile, peptidi (kipande kifupi cha protini, kinakuja kama unga) imetoka nje, cheti kinasema 95%, wamepima miligramu moja vizuri kabisa wakayeyusha, halafu majibu ya ELISA (kipimo cha protini au antibodi) hayaeleweki na sapulaya anawaambia hamjui kupima. Mnajua kupima. Tatizo liko kwenye ule unga.

Mambo ya mfuatano wa amino asidi na urefu sigusi, supavaiza wako kashakwambia. Mimi nataka uangalie neti, yaani kwenye huo unga peptidi yenyewe ni asilimia ngapi. Ile 95% ya HPLC, kipimo cha usafi, inasema tu kwamba kati ya peptidi zilizomo, nyingi ndo hiyo uliyoagiza. Maji haiyahesabu, na chumvi ya TFA (asidi inayotumika kiwandani) inayobaki wakati wa kusafisha haiihesabu. Chukua peptidi yenye uzito wa 1500 na arijinini (amino asidi mojawapo) tatu: kila arijinini inashika TFA moja, mwanzo wa mnyororo unashika nyingine, zinakuwa 4, kila moja uzito wake 114, jumla 456. Gawa 1500 kwa 1956 unapata kama 77%, na maji bado hatujayagusa! Ni kama dagaa wa kuanikwa mchangani, mizani inasoma kilo na mchanga umo humohumo. Ukitengeneza standadi (sampuli ya kulinganishia, ambayo kiasi chake unakijua) kwa kuamini lebo, namba zako zote zimepotoka toka mwanzo.

Tena kama unakuza seli, hiyo TFA yenyewe inaweza kuzisumbua, omba wakubadilishie iwe asetati au hidrokloraidi.

Sasa wa kununua kwao: namba moja kwangu ni Bachem wa Uswisi, wapo kwenye kazi hii toka 1971, nawapenda na sifichi. Bei yao inauma, ila kwa standadi ya kupimia kiasi sioni wa kuwafikia, ukiwauliza neti unapewa namba, siyo maelezo.

Namba mbili GenScript, hawa wazuri kwa peptidi ya kuagiza kwa mfuatano wako mwenyewe, unachagua usafi kuanzia ghafi mpaka 98%. Ila kupima neti na kuondoa TFA ni huduma za kuongeza, usipoomba wakati wa oda imekula kwako. Ukitaka kutengenezea antibodi 80% inatosha, usichome hela ya mradi. Tatu JPT wa Berlin, kwa wale wa TB na seli T za kinga wanaohitaji peptidi nyingi zinazoingiliana mfuatano ndani ya kichupa kimoja.

Zile saiti za bei chee zenye picha za watu wenye misuli, pita. Na kichupa kilichoandikwa cha utafiti hachomwi mtu, tusizoeane kwenye hilo.

Ukishapokea weka kwenye nyuzi -20, na siku ya kutumia kiache kichupa kifike joto la chumba ndo ufungue, maana kwa unyevu wa huku ziwani ukifungua cha baridi unga unafyonza maji hapohapo na neti inashuka. Gawa kidogokidogo, hasa yenye sisteini au methionini, zinaharibika na hewa haraka.

Sasa mawakala wa kati, jamani. Proforma (ankara ya awali) inakuja mstari mmoja, dola kibao, hujui kiwanda kimeuza shingapi, usafiri shingapi, kutoa mzigo airport shingapi. Halafu wanakubebesha gharama ya barafu kavu wakati peptidi nyingi za unga mkavu kiwanda chenyewe kinazituma kwenye joto la kawaida na zinafika salama! Hiyo hela ingenunua sahani za ELISA. Dai kila gharama mstari wake, barafu waiondoe kama kiwanda hakijaitaka, na kwenye LPO (oda yako ya ununuzi) andika kabisa kwamba mzigo bila namba ya neti haupokelewi.