Chujio gani la maji ununue Dar es Salaam: mpangilio wa chaguo kulingana na maji unayopata

Kabla ya kuulizia bei ya chujio Kariakoo, mkazi wa Dar es Salaam anapaswa kujua maji ya nyumbani kwake yanatoka wapi, kwa kuwa jiji hili halinywi maji ya aina moja. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, hutoka mto Ruvu: mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi hulisha upande wa Kibaha, Mbezi na Kimara, na ule wa Ruvu Chini ulioko Bagamoyo huleta maji kupitia Tegeta hadi katikati ya jiji. Maji hayo ya mto kwa kawaida hayana chumvi nyingi. Tabu yake ni tope la masika, na zaidi ya tope ni yale yanayoyapata yakishatoka mtamboni: bomba lililopasuka, mgawo unaoacha mabomba matupu, na simtanki ambalo halijaoshwa tangu lipandishwe mnarani. Kisima ni habari nyingine. Visima vifupi vya karibu na bahari, Kigamboni, Kunduchi au Mbezi Beach, vinaweza kuingiliwa na maji ya chumvi, na hata mbali na pwani maji ya ardhini huyeyusha kalsiamu na magnesiamu, ambazo ndizo zinazoyafanya kuwa magumu.

Ugumu na chumvi ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ndiko kunakowagharimu wanunuzi wengi. Maji magumu utayatambua jikoni na bafuni: sabuni haitoi povu, maharage yanachelewa kulainika, birika linajenga magamba meupe ndani, na matundu ya shawa yanaziba moja baada ya jingine. Chumvi hutambuliwa na ulimi. Kuchemsha huondoa sehemu ya ugumu, na magamba ya birika ndiyo ushahidi wake, lakini chumvi hubaki yote sufuriani, tena huzidi kidogo kwa kuwa kinachopungua ni maji.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua si chujio bali mita ndogo ya TDS, ambayo ni rahisi kuliko karibu kila kitu nitakachokitaja hapa. Husoma jumla ya madini yaliyoyeyuka, kwa miligramu katika lita. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yaliyo chini ya 600 huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 watu huanza kuyakataa. Anayenunua maji ya boza ataipenda zaidi: kinga glasi moja kwenye mpira kabla dereva hajaanza kumwaga, pima, kisha linganisha na kipimo cha maji ya bomba ya jirani. Maji yanayotangazwa kuwa ya DAWASA yakisoma mara tano ya yale ya bomba, hapo una la kumuuliza. Lakini mita hii haioni vijidudu, na maji yenye vimelea vya kipindupindu yanaweza kusoma namba ya kupendeza kabisa. Mwenye kisima kipya apeleke sampuli maabara, na aombe vipimo vya vijidudu na vya naitreti pia, hasa katika mitaa ambayo vyoo vya shimo na visima vinapakana.

Kwa nyumba inayotumia maji ya bomba, nafasi ya kwanza naipa ndoo mbili zenye mishumaa ya kauri, yaani vichujio vya udongo uliochomwa, bila kusita. Hazihitaji umeme wala presha, zinatoa tope na bakteria wengi, na mishumaa hupatikana kirahisi. Dukani kagua mambo machache: bomba la chini lisivuje, mfuniko ukae sawasawa, na muuzaji awe na mishumaa ya akiba ya ukubwa huohuo. Mshumaa huoshwa kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni. Ukiona chujio limeanza kutiririsha haraka kuliko lilipokuwa jipya, usifurahi. Kuna mshumaa uliopata ufa au nati iliyolegea, na maji yanapita bila kuchujwa. Kauri haizuii virusi kwa uhakika, kwa hiyo maji ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini na kuachwa dakika 30. Chujio hili halipunguzi chumvi hata kidogo, ingawa wapo wanaoliuza kwa ahadi hiyo.

Mwenye kisima cha chumvi hana njia ya mkato: nafasi ya kwanza kwake ni mashine ya RO, inayosukuma maji kupita kwenye utando unaozuia sehemu kubwa ya madini. Nunua ndogo ya chini ya sinki kwa ajili ya kunywa na kupikia tu, kwa maana kusafisha maji ya kuogea na kudekia kwa njia hii ni gharama isiyo na sababu. Suala ambalo wauzaji hulipita haraka ni presha. Simtanki lililo kwenye mnara wa mita 3 hutoa takriban bar 0.3, ilhali RO nyingi za nyumbani huhitaji bar 3 hivi, kwa hiyo chagua yenye pampu yake na ukubali kwamba umeme ukikatika utategemea maji yaliyokwisha kuingia kwenye tangi lake. Soma pia kwenye boksi kiwango cha juu cha TDS ambacho utando unahimili. Mashine hii humwaga sehemu kubwa ya maji inayoyapokea. Kinga maji hayo kwenye ndoo yasafishie choo. Vichujio vya mwanzo hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, na kama duka haliwezi kukuonyesha vipuri hivyo siku ya kununua, nenda duka jingine.

Majagi ya lita 20 nayaweka nafasi ya pili kwa makundi yote mawili. Yanafaa kwa mpangaji au familia ndogo, mradi jagi liwe na lakiri na alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na dispensa ioshwe mara kwa mara.

Mashine ya kulainisha maji inakuja nyuma sana. Ndani yake kuna resini inayokamata kalsiamu na magnesiamu na kutoa sodiamu badala yake, kwa hiyo huokoa hita na mashine ya kufulia, lakini maji ya chumvi yanabaki ya chumvi, na wewe unaendelea kununua chumvi ya kuifufua resini. Inamfaa mwenye kisima cha maji magumu yasiyo na chumvi. Wenye shinikizo la damu wawe na bomba lao la kunywea ambalo halijapita humo.

Mwisho kabisa ni sumaku za kufunga kwenye bomba, ambazo sioni sababu ya kuzinunua. Ukikutana na muuzaji anayetumbukiza fito mbili za umeme kwenye glasi ya maji yako yakageuka rangi ya kutu, huku ya mashine yake yakibaki meupe, jua kwamba rangi ile ni chuma cha fito zenyewe, na maji yake yamebaki meupe kwa kuwa hayana madini ya kutosha kupitisha umeme. Tia chumvi kidogo ya mezani kwenye glasi yake, kisha umwombe arudie.