Chanjo ya Sotoka ya Mbuzi na Kondoo: Tathmini ya Mfugaji wa Ruai

Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ile ya virusi hai vya aina ya Nigeria 75/1 vilivyopunguzwa makali, ninaipendekeza bila kusita kwa yeyote anayefuga Nairobi, ingawa ina kasoro mbili ambazo watafiti wa chanjo za virusi vibebaji, yaani virusi dhaifu vinavyobeba jeni ya virusi vingine, wanajitahidi kuziondoa. Dozi moja ya mililita moja chini ya ngozi humkinga mnyama kwa miaka mitatu au zaidi. Kwa ugonjwa unaoanza kwa homa na makamasi, ukaendelea kwa vidonda vya mdomo, kuhara na nimonia hadi ukafyeka zizi, hilo si jambo dogo. Sotoka ilithibitishwa Turkana mwaka 2006, na mbuzi wa kaskazini hushushwa Kiamaiko, soko la mbuzi hapa Nairobi, kwa hiyo mfugaji wa jiji asijidanganye kwamba iko mbali.

Kasoro ya kwanza ni joto, ambalo huiharibu chanjo. Ndani ya chupa mna kidonge cheupe kikavu kilichoshika chini, nacho huyeyuka mara kinapotiwa maji yake maalumu. Tangu hapo chanjo haikai, ni lazima itumike upesi. Chupa yetu ilikuwa ya dozi 100 na zizi langu halifiki hata robo yake, basi tukaungana majirani, na daktari wa mifugo akapita boma hadi boma na kasha la barafu begani, akikataa katakata kuchanganya chanjo kabla wanyama hawajakusanywa. Huduma yake ninaisifu kwa dhati. Duka moja la katikati ya jiji nilikoulizia awali lilikuwa limepanga chupa kwenye mlango wa friji inayofunguliwa kila mara kumtolea mteja soda, na pale sikununua kitu.

Kasoro ya pili haionekani kwa macho. Mnyama aliyechanjwa na yule aliyepona sotoka hubeba kingamwili zinazofanana, hivyo kipimo cha damu hakiwatofautishi, na hilo ni tatizo kubwa kwa kuwa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na WOAH, shirika la afya ya wanyama duniani, wamelenga kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo mwaka 2030, na kwa hilo ni lazima kujua virusi bado viko wapi.

Ndiyo maana ninafuatilia kwa hamu chanjo inayotengenezwa kwa kupandikiza jeni ya sotoka, ya protini ya H au F zilizo juu ya ganda la virusi vyake, ndani ya virusi dhaifu vya ndui ya mbuzi na kondoo. Sindano moja hukinga magonjwa mawili, virusi vya ndui huvumilia joto kuliko vya sotoka, na damu ya aliyechanjwa haina kingamwili za protini ya N, iliyo ndani ya virusi vya sotoka, ambazo aliyeugua huwa nazo. Njia nyingine hutumia adenovirusi ya sokwe isiyoweza kuzaliana mwilini: chanjo ya ChAdOx1 dhidi ya homa ya Bonde la Ufa ilijaribiwa hapa Kenya, ikawakinga kondoo, mbuzi na ng'ombe kwa dozi moja.

Hata hivyo, chanjo iliyobebwa na ndui haitanishawishi kuiacha hii ya sasa hadi ijaribiwe vya kutosha kwa mbuzi waliokwisha kuugua ndui au kuchanjwa dhidi yake, kwa sababu kinga waliyo nayo inaweza kukishambulia kibebaji kabla hakijafanya kazi.