Tuligeuza jengo la zamani Jinja kuwa jimu, hawa mafundi nawapa nyota nne

Jengo ni la familia ya mke wangu, liko ile mitaa ya zamani ya Jinja, duka la Kihindi la ghorofa moja lenye baraza mbele, kuta za tofali za kuchoma zimejengwa kwa chokaa, juu sakafu ya mbao. Chini walikuwa wanauza vitambaa juu wanalala. Sisi tukataka juu iwe jimu.

Fundi wa kwanza alitazama kidogo tu akasema ng'oeni mbao tumwage slabu ya zege, kazi imeisha. Hawa wa pili injinia wao alianza na maswali, vyuma vizito kiasi gani, watu wataruka au hawaruki, halafu akatupigia hesabu palepale: chumba cha kulala kinahesabiwa kilo kama 150 kwa mita ya mraba, jimu ni 500. Na ile slabu, ya sentimita 15, yenyewe tu ni kilo kama 360 kila mita kabla hujaweka hata dambeli moja, na uzito wote unashukia ukuta wa chokaa! Mzee wetu aliyekuwa anataka zege akanyamaza.

Kilichonifurahisha hawakukimbilia kujenga. Walichimba pembeni ya ukuta waone msingi, wakakwangua chokaa kwa msumari (upande wa bafu ilikuwa inatoka unga), na kwenye nyufa wakabandika vipande vya kioo, kikipasuka ujue ukuta bado unatembea. Cha ukuta wa mbele kilipasuka kweli, kumbe paa linausukuma nje. Basi wakapitisha vyuma virefu toka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, nje wakaweka pleti, nati wanazikaza polepole, leo kidogo kesho kidogo. Sakafu mpya wakaiweka juu ya fremu ya chuma yenye nguzo zake na misingi yake, kwa hiyo mzigo wa jimu haugusi kuta. Katikati ya tofali wakajaza chokaa tena, saruji walikataa kabisa, eti ni ngumu mno, inafungia unyevu ndani halafu tofali lenyewe linaanza kumeguka, na hapa Jinja na hili ziwa unyevu hauishi.

Sasa ubaya. Chuma cha kutoka Kampala kilichelewa, ukipiga simu ni "kesho boss", na bili ya kuchomelea iliongezeka bila mtu kutuambia. Vumbi ndio usiseme. Pleti za nje mpaka leo hazijapigwa rangi, mvua inanyesha kutu inachirizika ukutani.

Watu wanapiga skwoti na sakafu imetulia, ila kelele zinashuka kwa dada wa saluni chini. Ukiwachukua hawa jamaa andikishaneni mapema nani ananunua mpira wa kutandika sakafuni, kwenye bei yao haumo.